Andazi la Taifa

Kitu cha kwanza Zamda alichokiona ni rula. Alikuwa ameinama anapuliza mkaa, na alipoinua macho akaona rula ya mbao, ya zile za watoto wa shule, imelazwa juu ya andazi lake. Wateja wengi hubonyeza andazi kwa kidole wajue kama ni la leo au la jana. Kulipima, hapana, hakuwahi kumwona mtu akifanya hivyo.

Mwenye rula alivaa tai. Alipima upana, akapima urefu, akaligeuza andazi akapima na upande wa chini, kama vile upande wa chini ungeweza kuwa na habari nyingine. Kisha akalila.

"Hili ni la mia?" akauliza, mdomo umejaa.

"Ndiyo, kaka."

"Sema kwa sauti, dada. Unazungumza na serikali."

"La mia."

"Limepungua," akasema yule bwana, akajipangusa mafuta kwenye ncha ya tai. "Naitwa Bwana Festo, Mpimaji Mkuu Msaidizi. Tutaonana Jumatatu."

Zamda akatazama miguu yake. Ni kweli andazi lilikuwa limepungua. Katika Jamhuri ya Tele bei zilikuwa hazipandi, kwa sababu Mheshimiwa Rais alikwisha kuzikataza zisipande. Alizikataza kwa hotuba, uwanjani, mchana kweupe. Unga ndio haukusikia ile hotuba, wala mafuta, wala sukari. Basi Zamda, kama wachuuzi wote wa nchi ile, aliiacha mia pale pale ilipo akakata donge dogo zaidi. Muuza nyama naye aliiacha kilo pale pale akaongeza mfupa. Wenye mabasi hawakugusa nauli. Walishusha watu kituo kimoja kabla ya kufika. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema, na Tele ikaendelea kusifiwa na majirani kuwa nchi ya bei nafuu.

*

Jioni ile redio ilieleza habari ya rula. Aliyesema ni Mheshimiwa Daktari Lameki Tindwa, Waziri wa Faini na Matumaini, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Ndugu wananchi, nasema kwa uchungu. Faini zetu zimekonda. Zamani raia akitozwa elfu kumi alikuwa analia, anagaagaa, anawaita wajomba zake. Leo raia akitozwa elfu kumi anauliza kama kuna chenji! Nawauliza, hiyo ni heshima kwa dola? Faini isiyouma si faini, ni sadaka. Na serikali yenu si omba-omba!"

Makofi yalisikika redioni, ingawa Mheshimiwa alikuwa peke yake studioni.

Akaendelea kusema kwamba wataalamu wamekaa hotelini kwa muda mrefu, tena hoteli ya ziwani, wakitafuta dawa ya jambo hili. Kwa kuwa bei za Tele hazipandi, haiwezekani kupima kupanda kwake. Lakini vitu vinapungua. Kwa hiyo litachaguliwa andazi moja liwe Andazi la Taifa, lipimwe kila Jumatatu, na kadiri litakavyopungua ndivyo faini zote za nchi zitakavyopanda, ili raia aendelee kuumia kwa kiwango kile kile walichokikusudia waasisi.

Kwa nini andazi la Zamda? Kulikuwa na vigezo. Kigezo cha kwanza kilisema muuzaji awe karibu na lango la nyuma la Wizara, ili mpimaji asichoke. Cha pili kilisema asiwe mbishi. Zamda aliweka jiko lake penye lango la nyuma kabisa, na tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumsikia akibishana hata na kuku.

Mwisho Mheshimiwa aliwatuliza wawekezaji. Faini chache kubwa kubwa, alisema, ziliwekwa na waasisi wenyewe kwa mikono yao, nazo hazitaguswa kwa sababu ni urithi. Mojawapo ni faini ya kiwanda kumwaga sumu mtoni. Hiyo ilikuwa shilingi mia kwa mwaka. Itabaki shilingi mia.

*

Mama yake Zamda aliitwa Bi Mosi. Alikuwa mtu mzima mwenye kifua kibovu na mdomo mzima, na yeye ndiye aliyekuwa akienda ng'ambo ya mto kununua unga, maana kule ulikuwa na nafuu kidogo.

Kando ya mto ule palikuwa na kiwanda cha ngozi cha Mwekezaji. Mwekezaji alikuwa na jina lake, lakini hakuna aliyethubutu kulitaja bila kusimama, kwa hiyo watu waliokuwa wamekaa walimwita Mwekezaji tu. Kutoka kiwandani lilitoka bomba, na kutoka kwenye bomba ilitoka rangi ya maini, na mto ulikuwa hivyo hadi baharini. Samaki walikwisha kuhama au kufa. Watu hawakuwa na pa kuhamia.

Siku hiyo Bi Mosi alikuwa darajani na unga wake kichwani upepo ulipogeuka. Akavuta upande wa kanga, akaziba pua. Askari wa Maendeleo akatokea.

"Bibi! Unaziba nini?"

"Pua yangu."

"Mbele ya kiwanda?"

"Sasa ningeizibia wapi, mwanangu, na harufu iko hapa?"

"Unajua kiwanda hiki kinaajiri watu wangapi?"

"Sijui. Wewe unajua?"

Askari hakujua, na kutojua kule kulimkasirisha. Akamkamata kwa Kosa la Kuziba Pua Mbele ya Maendeleo. Faini, shilingi elfu ishirini. Walimwambia akikiri kwamba amekosea atapunguziwa robo. Bi Mosi akasema hawezi kukiri pua. Basi akapelekwa Nyumba ya Subira, ambako serikali huwahifadhi wasiolipa mpaka watakapolipiwa na ndugu zao. Ule unga nao ulihifadhiwa. Haukuonekana tena.

*

Zamda alikaanga mchana kutwa, wiki nzima. Hakula, hakununua sabuni, alikopa kwa Mama Njoli, muuza dagaa aliyekaa naye jirani. Elfu ishirini ikatimia. Akaifunga kwenye ncha ya kanga akaenda dirishani Wizarani.

Dirishani alikaa mwanamke mwenye miwani ya jua, ingawa mle ndani kulikuwa na giza.

"Mosi, kuziba pua," akasema. "Elfu ishirini na nne."

"Walisema ishirini, dada," Zamda akanong'ona.

"Walisema lini?"

"Wiki iliyopita."

"Basi wiki iliyopita andazi lilikuwa kubwa. Jumatatu limepungua. Kwani we husikilizi redio?" Akashusha miwani. "Tena ukikutana na huyo anayepunguza andazi, mwambie ametuletea kazi hapa. Tunafuta na kuandika upya kila wiki. Mwanamke hana huruma yule!"

"Samahani," akasema Zamda.

Akarudi na elfu ishirini yake. Ilibaki elfu nne, na elfu nne haitoki hewani. Inatoka kwenye andazi. Akakata madonge madogo kidogo. Jumatatu Bwana Festo akaja na rula, akapima, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akala. Zamda alipofika dirishani na elfu ishirini na nne yake, faini ilikuwa elfu thelathini na moja.

Muuza unga wa ng'ambo akapigwa faini kwa sababu gunia lake lilitupa kivuli barabarani. Ilikuwa faini mpya, iliyorekebishwa. Akailipa, akairudisha kwenye unga. Unga ukapanda, andazi likapungua, faini zikapanda, na muuza mafuta naye akapigwa faini kwa kupiga chafya karibu na bendera. Wizarani walifungua shampeni. Waziri alisema redioni kwamba mfumo unafanya kazi bila kuguswa na mkono wa binadamu, na kweli hakuna mkono wa binadamu uliokuwepo.

Zamda akaenda kumwona mama yake. Walizungumza kupitia wavu wa kuku, maana Nyumba ya Subira ilikuwa banda la kuku la serikali kabla ya kuku kupata makazi bora. Bi Mosi alikuwa amekonda. Akikohoa, alishika wavu kwa mikono miwili.

"Mama, kubali tu," Zamda akasema. "Sema umekosea. Wanapunguza robo."

"Nikubali nini?"

"Sema tu, mama. Kifua chako hicho."

"Kifua changu nakijua. Nakuuliza wewe." Bi Mosi akaweka uso karibu na wavu. "Wewe unasemaje? Nimekosea?"

Zamda akatazama miguu yake. Mlinzi alikuwa karibu, anachokonoa meno.

"Haya, nenda ukakaange," mama yake akasema bila ukali. "Hata nilipokuzaa, mkunga alikupiga makofi mara mbili ndipo ukalia. Ulikuwa unangoja ruhusa."

*

Mjini hasira zilikuwa zimepanda kuliko faini, lakini hazikwenda Wizarani. Wizarani kuna askari. Zilikwenda kwenye jiko la Zamda.

"Wewe!" mwanamume mmoja akamfokea asubuhi. "Kaka yangu anaozea Subira kwa sababu ya vipande vyako hivi. Hili ni andazi au kifungo cha shati?"

"Mwachie mtoto wa watu," akasema Mama Njoli. "Unadhani unga anaokota?"

"Alinenepeshe!"

"Wewe mbona hukumnenepesha mkeo?"

Watu wakacheka, mwanamume akaondoka. Lakini wengine walikuja, na wengine tena, na mmoja akamwaga maji kwenye mkaa. Mama Njoli akavuta kigoda chake karibu na Zamda.

"Sikiliza, mwanangu. Yule mwenye tai anapima nini?"

"Upana."

"Analitia kwenye mizani?"

"Hapana. Analitia mdomoni."

"Basi tia hamira. Tia mpaka andazi liogope. Likiwa kubwa, faini zinashuka, mama yako anatoka, na mume wangu aliye humo humo Subira naye anatoka."

"Ndani litakuwa tupu, mama."

"Nchi nzima ndani ni tupu, sembuse andazi!"

Soko zima likachanga hamira. Aliyekuwa na kijiko alileta kijiko. Hata yule mwanamume wa asubuhi alileta, akaiweka mezani bila kuangalia mtu. Zamda akakanda, akafunika donge kwa kanga karibu na joto la jiko, akangoja. Lilipanda mpaka likaisukuma kanga pembeni. Maandazi yalipoingia kwenye mafuta yakafura kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Ukiyang'ata, unakutana na upepo.

Jumatatu Bwana Festo akaweka rula, na rula ikaisha kabla ya andazi. Akapima tena. Akakimbia kurudi ndani ya lango akiwa amelikumbatia lile andazi kifuani kama kichanga, na kwa mara ya kwanza hakulila.

Mchana ving'ora vililia. Gazeti la serikali likatoa toleo maalumu lenye picha ya andazi ukurasa mzima. UCHUMI WAPAA, liliandika. Watu wakajaa lango la nyuma, wengine na vibunda vya pesa tayari, wengine na nguo safi za kuwavalisha ndugu zao watakaotoka. Mama Njoli alipaka wanja. Zamda alikuja na viatu vya mama yake mkononi.

Bwana Festo akapanda juu ya ndoo, akakohoa, akasoma.

"Wizara inawapongeza wananchi. Andazi likipungua, maana yake faini imekonda, hivyo inapanda. Andazi likiongezeka, maana yake mwananchi ameshiba na ana uwezo, hivyo faini inapanda. Kwa mafanikio haya makubwa, kuanzia leo faini zote zinazidishwa mara mbili."

Kisha Mama Njoli akauliza, "Na likibaki vile vile?"

Bwana Festo akageuza karatasi, akatafuta.

"Likibaki vile vile, mama, ni utulivu," akasema. "Utulivu una gharama zake."

*

Serikali haikuacha furaha ile ipotee bure. Ikaandaliwa Sherehe ya Andazi la Taifa, na kwa kubana matumizi ikaunganishwa na siku ambayo Mwekezaji hulipa faini yake ya mwaka. Mahali palikuwa kando ya mto, mbele ya bomba. Jukwaa lilikuwa na mazulia. Wakubwa wote walikuwa na pamba yenye marashi ndani ya pua, pamba ya itifaki, inayotolewa kuanzia cheo cha naibu mkurugenzi kwenda juu. Wananchi walipewa bendera ndogo za kushika kwa mikono yote miwili, ili mikono isipate kazi nyingine.

Mwekezaji akapanda jukwaani. Bendi ikapiga. Akatoa noti ya mia mbili kwa sababu hakuwa na hela ndogo kuliko hiyo, na hata hiyo aliazima kwa dereva. Mheshimiwa Tindwa akaipokea kwa mikono miwili, akainama, akajipekua mifukoni yeye mwenyewe, akamrudishia chenji.

"Mwoneni!" akawaambia wananchi, sauti inatokea mdomoni peke yake. "Hajachelewa hata mwaka mmoja! Hajalalamika! Hajasema faini ni kubwa! Na nyinyi je? Mnakaa Subira mnakula ugali wa serikali kwa sababu mmeshindwa kuwa kama huyu. Uzalendo uko wapi?"

Wakubwa wakapiga makofi. Mwekezaji akatazama saa, akaondoka. Nyuma yake bomba lilikohoa, likatema.

Ndipo Zamda akaitwa. Alikuwa amevalishwa gauni jipya lenye picha ya andazi tumboni. Bwana Festo alimshika kiwiko wakipanda ngazi, akamnong'oneza kwa haraka, na haki ya Mungu alikuwa anamtakia mema.

"Dada, una bahati. Nimekusemea. Mheshimiwa atamsamehe mama yako hapa hapa, mbele ya watu, deni lote. Unaona gari lile jeupe? Yumo. Wewe sema maneno matatu tu. *Mama alikosea, asanteni*. Basi. Mnakwenda nyumbani."

Gari la Subira lilikuwa limesimamishwa kwenye jua, karibu na maji. Lilikuwa na dirisha dogo lenye nondo. Zamda aliona vidole kwanza, halafu uso. Mama yake alikuwa amepungua mpaka macho yamekuwa ndiyo kitu kikubwa usoni. Alikuwa anakohoa, na kila akikohoa vidole viliachia nondo, vikarudi.

Katika umati Mama Njoli alimtazama Zamda akatikisa kichwa juu chini, juu chini. Sema, mwanangu. Sema mtoke. Hakuwa na kosa kumshauri vile. Mama mwenye kifua kile hawezi kumaliza mwezi mwingine kwenye banda, kila mtu alijua, na Zamda alijua zaidi ya wote. Tena maneno yenyewe yalikuwa mepesi. Alikwisha kusema samahani dirishani mara nyingi kiasi kwamba ulimi wake ulikuwa unaijua njia.

Mheshimiwa akamkabidhi kipaza sauti. Kilikuwa kizito, na moto kidogo, kama kitu kilichotoka mdomoni mwa mtu mwingine.

"Usiogope, mwanangu," Mheshimiwa akasema, akitabasamu kwa wapiga picha. "Sema tu. Taifa linakusikiliza."

Upepo ukageuka. Harufu ikapanda kutoka mtoni, ikapita juu ya mazulia, ikaingia kwa watu. Machozi yakaanza kuwatoka. Mtoto mmoja akatapika kwenye bendera yake. Hakuna aliyeinua mkono. Walisimama wote, maelfu, pua wazi, bendera mkononi, wakitazama mbele kama watu wanaopigwa picha.

Zamda akatazama gari. Mama yake hakumfanyia ishara yoyote. Hakutikisa kichwa kukubali wala kukataa. Alikuwa anamtazama tu, kama siku ile ya wavu, na alikuwa bado anangoja kujibiwa.

Zamda akavuta pumzi, na pumzi yenyewe ilikuwa ule uvundo. Hasira ikampanda. Haikuwa hasira ya siku ile peke yake. Ilikuwa ya unga uliohifadhiwa, na ya dirisha, na ya kila samahani aliyoitoa kwa watu waliomkosea yeye. Alifungua mdomo, na sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa kubwa mpaka akageuka kuangalia ni nani.

"Mama yangu aliziba pua kwa sababu mto unanuka," alisema. "Unanuka, na nyinyi mnajua kwamba unanuka. Mama hakukosea. Mmekosea nyinyi."